Kashebere: Ufundi wa vijana wenye ulemavu uanzie kwenye kazi iliyopo

Kashebere iko mpakani mwa wilaya za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, kwenye njia inayotoka Masisi-Kati na kupita Nyabiondo kuelekea magharibi. Upande wa Masisi kuna vilima vya malisho, maharagwe na viazi. Upande wa Walikale kuna msitu, mawese, mihogo na, mbali zaidi, madini ya bati. Katika sehemu kama hii, kijana anayetafuta kazi yake ya kwanza hasomi matangazo ya ajira ukutani. Anamzoea fundi. Anaanza kwa kutumwa vipuri na kufuta vifaa, kisha anashika spana, kisha anaachiwa kazi ndogondogo, na baada ya mwaka au miwili ana wateja wanaomwita kwa jina. Makanika wa pikipiki, washonaji, maseremala na watengeneza simu wengi wa mashariki ya Kongo waliingia kazini kwa mlango huo. Kijana mwenye ulemavu hukuta umefungwa. Yeye huambiwa asubiri mradi.

Mradi ukija, mara nyingi una sura ileile. Vijana wanaandikishwa, wanakusanywa mahali pamoja, wanafundishwa kushona, kusuka vikapu au kutengeneza sabuni kwa miezi michache, wanapewa cheti na vifaa siku ya sherehe, kisha mradi unafunga hesabu zake. Anayebaki ni kijana mwenye cherehani asiye na mteja, katika kijiji chenye washonaji wa kutosha tayari. Njaa ikibisha hodi, cherehani inauzwa. Nia ya wanaoandaa mafunzo hayo ni njema na jasho lao ni la kweli. Kasoro iko kwenye mpangilio: mafunzo yanatangulia, kazi inatarajiwa itafuata yenyewe. Makala haya yanatetea mpangilio wa kinyume chake. Mafunzo ya ufundi kwa vijana wenye ulemavu yaanzie kwenye kazi ambayo tayari ipo na inalipwa. Yafanyikie ndani ya karakana za kawaida zinazohudumia watu wote. Yaanze mwanafunzi angali shuleni. Na mafanikio yake yapimwe kwa kipato cha kijana mwaka mmoja baada ya mafunzo kwisha.

Hakuna kijana mmoja wa kozi moja

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, sawa na asilimia 16 ya watu wote duniani, wanaishi na ulemavu mkubwa. Masisi na Walikale zina sababu zake za kuongeza idadi hiyo. Risasi na mabomu huwaacha watu bila mguu au mkono, na Hospitali Kuu ya Masisi, ambako Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi mwaka 2007, imepokea majeruhi wa vita kwa miaka mingi. Polio iliacha alama kwa wengi ambao leo ni watu wazima. Homa ya uti wa mgongo na magonjwa ya masikio yasiyotibiwa huwanyima watoto usikivu. Iko pia sababu isiyosemwa sana: sindano ya kwinini iliyochomwa vibaya takoni inaweza kujeruhi mshipa mkuu wa fahamu wa mguu na kumwacha mtoto na mguu uliopooza. Madaktari wamelishuhudia jambo hilo katika nchi nyingi za Afrika, na ni rahisi kwa mzazi kudhani kwamba mwanawe amepata polio. Waongeze wasioona, wenye albinizimu, wenye kifafa na wenye ulemavu wa akili.

Tofauti hizi zinapaswa kuamua namna ya kufundisha. Kijana aliyepooza mguu baada ya sindano ana mikono, macho, masikio na akili timamu. Kinachomshinda ni mwendo mrefu na kusimama siku nzima. Kiziwi anaweza kupanda kilima akiwa na mzigo kichwani; kinachomshinda ni maelekezo ya mdomo. Mwenye albinizimu anahitaji kivuli na mara nyingi miwani, na akiwa chini ya paa anafanya kazi sawa na mwingine yeyote. Mwenye ulemavu wa akili hujifunza polepole, lakini hatua aliyoizoea anaweza kuirudia kwa uangalifu ambao wengi hawana subira nao. Anayewaita wote hawa kwenye kozi moja ya ushonaji ameamua kabla ya kuuliza. Ameangalia ulemavu, hakuangalia kazi, na ndiyo maana mafunzo yake yanakosa shabaha.

Kwenye karatasi, nchi imejifunga vya kutosha. Katiba ya Februari 18, 2006, katika ibara ya 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi. Mwaka 2015 Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inahusu elimu na ya 27 inahusu kazi. Mwaka 2019 serikali iliunda nafasi ya waziri mjumbe anayeshughulikia watu wenye ulemavu, akateuliwa Bi. Irène Esambo, na Mei 3, 2022 ikatangazwa Sheria Na. 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zao. Lakini angalia msaada wenyewe unapoishia. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za umma ni bure. Mtoto akishafanya mtihani wa taifa mwishoni mwa darasa la sita, gharama za sekondari, zikiwemo za shule za ufundi, zinarudi mabegani mwa mzazi. Yaani mkono wa serikali unaachia palepale ufundi unapoanzia, na familia yenye watoto watano inapolazimika kuchagua wa kumlipia, mwenye ulemavu ndiye wa kwanza kuachwa nyumbani.

Wapo wanaojitahidi kuziba pengo hilo. Taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, INPP, iliundwa mwaka 1964 na huendeshwa kwa michango ya waajiri. Ina tawi Goma. Wasalesiani wa Don Bosco Ngangi, pia Goma, wamewafundisha ufundi vijana waliokumbwa na vita. Kituo cha Shirika la Umoja mjini humo, na Heri Kwetu kule Bukavu, vimewapa watu miguu ya bandia na magongo kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Hizi ni kazi za kuheshimiwa. Lakini zote ziko mjini, na tangu waasi wa M23 walipotwaa Goma Januari 2025 na mapigano kusambaa hadi Walikale, safari ya kutoka Kashebere imezidi kuwa ya hatari. Mafunzo yanayomtaka kijana wa magongo avuke maeneo ya mapigano ili ayafikie, kwake yeye hayapo. Lazima ufundi upatikane palepale alipo.

Kazi hutangulia, ujuzi hufuata

Ushahidi wa kwanza hauko mbali. Kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi, katika kivuko kinachoitwa Petite Barrière, kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wamebeba bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu kati ya Kongo na Rwanda. Kule Kinshasa, wenzao wa Beach Ngobila walijijengea biashara kama hiyo kwenye vivuko vya kwenda Brazzaville. Hakuna chuo kilichowafundisha. Walipata unafuu wa nauli na ushuru, mlango wa kazi ukafunguka, na ujuzi ukaja mbio nyuma yake: kupima uzito, kukadiria faida, kusawazisha mzigo kwenye baiskeli, kujadiliana na maofisa kwa lugha tatu au nne, kuunda vyama vya kuteteana. Watu ambao jamii ilikuwa imewahesabu kuwa ombaomba waligeuka wafanyabiashara kwa sababu palikuwa na kazi halisi ya kujifunzia. Udhaifu wa riziki hiyo nao una funzo. Imejengwa juu ya msamaha wa ushuru, na msamaha unaweza kufutwa, mpaka unaweza kufungwa. Fundi anabeba ujuzi wake mikononi. Kwa hiyo tuige mpangilio wa Petite Barrière, kazi kwanza, huku tukiuwekea msingi imara zaidi, ambao ni ufundi wenyewe.

Ushahidi wa pili unatoka mbali, katika nchi yenye uchumi usiofanana na wetu hata kidogo. Marekani, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu inazitaka shule ziwe na mpango wa maisha ya baada ya shule kufikia wakati mwanafunzi anapotimiza miaka 16. Watafiti wa nchi hiyo wamewafuatilia wahitimu kwa miaka mingi kutafuta nini kinachowatofautisha walioajiriwa na waliobaki nyumbani, na jibu moja limejirudia: mwanafunzi aliyewahi kufanya kazi ya kulipwa angali shuleni ana nafasi kubwa zaidi ya kupata kazi baadaye. Haiyumkiniki kwamba karakana ya Kashebere itafanana na duka la Chicago. Lakini sababu ya matokeo hayo haitegemei utajiri wa nchi. Mwanafunzi aliyekwisha kufanya kazi anajua kuamka na kuwahi, kupokea lawama ya mteja bila kukata tamaa, kuuliza asipoelewa, kutunza chombo cha mwingine. Na zaidi ya hayo, yupo mtu mmoja nje ya familia yake aliyemwona akifanya kazi na anayeweza kumshuhudia. Katika kijiji ambamo kazi hupatikana kwa kujulikana, ushahidi huo una thamani kuliko cheti.

Ushahidi wa tatu uko Tanzania na Kenya. Iringa, kazi ya Neema Crafts iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, inajulikana kwa karakana zake na kwa mkahawa unaohudumiwa na viziwi: mteja anaandika anachotaka kwenye karatasi, anahudumiwa, na baada ya dakika chache tofauti kati ya mhudumu anayesikia na asiyesikia inakosa uzito. Mombasa, karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo cha Kenya, zimetoa mapambo na bidhaa za mikono kwa zaidi ya nusu karne. Sehemu zote mbili zimethibitisha kwamba uwezo upo. Lakini riziki yake imetegemea sana watalii na wanunuzi wa nje. Kashebere haina mtalii. Mteja wake ni dereva wa pikipiki, mama muuza mawese, mwalimu, muuguzi, mkulima anayeuza maharagwe siku ya soko. Kwa hiyo tunachopaswa kukichukua kutoka Iringa ni ile karatasi ya kuandikia, yaani marekebisho madogo yanayofungua kazi kubwa; bidhaa za watalii tuwaachie walio na watalii.

Marekebisho madogo, kazi kubwa

Tuangalie kazi zenyewe kwa karibu. Cherehani ya kawaida katika vijiji vyetu inaendeshwa kwa kukanyaga: miguu miwili inabembeza pedali, mkanda unazungusha gurudumu, sindano inapanda na kushuka. Ukimkabidhi cherehani hiyo kijana aliyepooza miguu, umempa chombo kilichojengwa kwa kiungo asichokuwa nacho. Wengi wamepewa hivyo, wakashindwa, na kushindwa kwao kukahesabiwa kuwa uvivu. Dawa yake si ngumu. Kichwa kilekile cha cherehani kinaweza kufungwa mpini wa kuzungusha kwa mkono, kwenye meza iliyoshushwa hadi usawa wa kiti chake. Mkono wa kulia ukizungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa; kasi inapungua, lakini mshono unabaki umenyooka. Wawili wakishirikiana, mwenye miguu akikanyaga na kushona mishono mirefu ya sare za shule, huyu mwingine akikata vipimo, akitia vifungo na kumalizia pindo, karakana moja inatoa nguo nyingi kuliko kila mmoja angetoa peke yake. Suluhisho hilo halionekani kwenye orodha ya ununuzi wa vifaa vya mradi. Linaonekana pale fundi na kijana wanapokaa meza moja wiki nzima.

Au chukua pikipiki, ambayo ndiyo gari la Masisi na Walikale. Watu wengi huamini kwamba kiziwi hawezi kuwa makanika kwa sababu fundi husikiliza mlio wa injini. Kweli, sikio husaidia. Lakini injini husema kwa njia nyingine pia. Kiganja kikiwekwa juu ya tangi au kwenye mpini wa usukani kinapokea mtetemo, na injini inayokosa moto hutetemeka tofauti na iliyo sawa. Plagi, ambayo mafundi wa Kivu huiita buji, ikifunguliwa husema kwa rangi: nyeusi yenye masizi ni dalili ya mafuta kuzidi hewa, nyeupe iliyokauka ni dalili ya joto kupita kiasi, na rangi ya kahawia ni dalili ya afya. Kulegea kwa cheni huonwa kwa jicho na kupimwa kwa kidole. Tena kazi ya kuanzia ya makanika mwanafunzi haihitaji utabibu wa injini hata kidogo: kuziba tyubu, kubadili oili, kusafisha chujio la hewa, kukaza breki, kupaka cheni grisi. Kinachohitajika ni fundi kukubali kuonyesha kabla ya kusema, na kuwa na ishara kumi au ishirini za kazi ambazo wote wawili wamekubaliana.

Hapo ndipo linapojitokeza suala la lugha, ambalo ni zito kuliko vifaa. Kiziwi aliyekulia kijijini bila shule anaweza kuiga mkono wa fundi, lakini hawezi kuelezwa kwa nini hatua hii inatangulia ile. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, alilielewa hilo. Kuanzia Ghana mwaka 1957 alisaidia kuanzisha shule za viziwi zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika, Kongo ikiwemo, na akawaandaa viziwi wenyewe wawe walimu wa viziwi wenzao. Alifariki Desemba 1987 katika ajali ya ndege karibu na Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma. Urithi wake unatufundisha kwamba mwalimu bora wa kazi kwa kijana mwenye ulemavu mara nyingi ni mtu mzima mwenye ulemavu uleule aliyekwisha kuimudu kazi hiyo. Mshonaji mmoja wa magongo, seremala mmoja kiziwi, mwenye kibanda cha kuchaji simu aliyekatwa mguu: watu kama hawa wakipatikana popote kwenye njia ya Masisi hadi Walikale, wanastahili kulipwa kama wakufunzi.

Pingamizi zinazostahili jibu

Pingamizi la kwanza ni zito: vijana wazima wenyewe hawana kazi, kwa nini tuwashughulikie wenye ulemavu kwanza? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tungekuwa tunagawa ajira chache za mshahara. Kashebere haina ajira hizo za kugawa. Ndiyo maana hata sheria za viwango vya ajira zinazosifiwa kwa majirani zina mipaka yake. Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kenya, Katiba ya 2010 inaweka lengo la asilimia 5 katika nafasi za umma. Ni sheria nzuri, na mgodi wa bati wa Bisie kule Walikale, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019, ni aina ya mwajiri anayeweza kuguswa na sheria kama hizo. Lakini fundi wa Kashebere ana wanafunzi wawili, wala hawafiki 20. Tunachoomba hapa ni mlango uleule wa uanagenzi ambao vijana wengine wanaupitia kila siku. Kijana mwenye ulemavu anayelisha nafsi yake hampunguzii mwenzake mkate. Anapunguza mzigo wa nyumba nzima, na mara nyingi dada au mama aliyekuwa akimtunza anapata nafasi ya kwenda shambani au sokoni.

Pingamizi la pili ni hatari. Karakana ina moto, misumeno na magari yanayoinuliwa, na mzazi ana haki ya kuogopa. Jibu ni kuivunja kazi katika hatua na kuzipanga kwa hatari yake. Katika utengenezaji wa sabuni, kwa mfano, kuchanganya magadi makali ni hatua ya mtu mwenye uzoefu, macho mazuri na glovu. Kumimina kwenye maumbo, kukata, kuhesabu na kufunga vipande ni hatua ambazo kijana mwenye ulemavu wa akili anaweza kuzimudu na kuzifanya kwa usahihi. Kifafa kinamweka kijana mbali na msumeno wa umeme na kazi ya juu ya paa. Hakimzuii kupiga msasa, kupaka rangi wala kuuza. Usalama unaopangwa hivi unamlinda pia mwanafunzi asiye na ulemavu, ambaye leo anaachwa ajifunze kwa kujikata.

Wako pia wanaosema vituo maalumu ni bora, kwa kuwa vina walimu waliosomea na vijana hawadhihakiwi humo. Hofu ya dhihaka ni ya kweli. Yapo pia mambo ambayo karakana ya mtaani haiwezi kuyatoa: maandishi ya Braille, lugha ya alama, mguu wa bandia unaokaa sawasawa, mazoezi ya viungo. Vituo vibaki kwa ajili hiyo, na vipewe nguvu zaidi. Lakini kijana anapofundishwa peke yake na wenzake, jamii haipati nafasi ya kumwona akifanya kazi, na siku anaporudi kijijini anaanza upya kuthibitisha kwamba yeye ni fundi. Dhihaka huisha taratibu pale mteja anapopokea pikipiki iliyotengenezwa vizuri na mkono uleule aliouonea huruma. Mkataba Na. 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1983, ulikwisha kusisitiza usawa wa fursa kati ya wafanyakazi wenye ulemavu na wengine; usawa huo hujengwa mahali ambapo wote wanafanya kazi.

Pingamizi la mwisho ni vita yenyewe: nani atapanga mafunzo wakati watu wanakimbia? Lakini vita ndiyo hoja kubwa ya kutojenga kila kitu kwenye chuo kimoja. Jengo huporwa, bweni huvunjwa, mitambo mizito huachwa nyuma. Mkoba wa spana, kichwa cha cherehani, kipimo cha umeme na chuma cha kulehemu waya za simu hubebeka, na ujuzi hubebeka zaidi. Tena panapokuwa na wakimbizi wa ndani, kuna mlipaji wa ujira asiyetajwa vya kutosha: mashirika ya misaada. Hutoa kazi za malipo ya kutwa, za kutengeneza barabara, kuchimba mitaro, kugawa chakula. Mwenye ulemavu huachwa nje kwa sababu kazi hiyo hufikiriwa kuwa ni kubeba mawe tu. Kumbe kila kazi ya aina hiyo inahitaji mtunza zana, mwandishi wa mahudhurio, mpimaji wa magunia, mgawaji wa kadi, mtunza depo. Hizo ni kazi za kuanzia kwa maana kamili, zinalipa, na zinamfundisha mtu hesabu, uaminifu na kuwahi. Shirika linalohubiri haki za watu wenye ulemavu lianze na orodha yake lenyewe ya vibarua.

Kinachoweza kuanza sasa

Kutokana na hayo, kazi ya wadau inakuwa wazi. Wakuu wa shule wawatambue wanafunzi wenye ulemavu kuanzia darasa la tano na la sita, wakae na wazazi, na wasisubiri mtihani wa taifa wa darasa la sita upite ndipo wafikirie kesho ya mtoto. Siku moja au mbili kwa wiki, nje ya vipindi, mwanafunzi aliyefikia umri wa kujifunza kazi akae kwa fundi, kwanza kuona kazi kadhaa na kuchagua, kisha kujifunza moja. Kazi nzito na za hatari zisubiri umri wake. Fundi anayempokea apewe kitu cha maana: zana zinazobaki kwenye karakana yake, na posho ndogo inayolipwa kwa hatua ambazo kijana amezimudu. Mkataba wa uanagenzi uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, mzazi, fundi na mwalimu waweke saini, na useme ni lini kijana ataanza kulipwa, ili uanagenzi usigeuke utumwa wa bure. Mtu mmoja mwenye pikipiki, aliyefundishwa kurekebisha zana na kutatua migogoro, azunguke karakana hizo kila wiki mwaka mzima. Huyu ndiye gharama kubwa ya mpango, na ni pungufu mno kuliko kujenga chuo.

INPP nayo ina nafasi yake. Fundi wa mtaani hawezi kutoa cheti kinachotambulika, lakini taasisi ya taifa inaweza kumpima kijana kwa kazi aliyoifanya na kuuthibitisha ujuzi wake hata kama hakukaa darasani kwake. Vikundi vya akiba na mikopo vya vijiji, ambavyo watu wa Kivu wanavijua kwa jina la AVEC, viwapokee vijana hawa kama wanachama wenye hisa, ili mtaji wa kwanza wa vipuri au vitambaa utoke kwenye akiba yao, na kifaa kisiuzwe njaa inapobana. Wahisani nao wabadilishe maswali yao. Wanapouliza ni vijana wangapi wamefundishwa, wanapata idadi nzuri na maisha yaleyale. Waulize ni wangapi, baada ya miezi 12, wanapata kipato kutokana na kazi waliyojifunza, na walipe sehemu ya fedha zao kwa jibu hilo.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga, na kijana mwenye ulemavu amelazimishwa kumtegemea nduguye kwa kufungiwa mlango wa karakana. Kuufungua hakuhitaji sheria mpya, maana sheria ipo tangu 2022, wala hakuhitaji kusubiri amani kamili, ambayo vijana hawa wamekwisha kuisubiri tangu kuzaliwa. Kashebere ina mafundi, ina shule, ina soko na ina wateja. Kila fundi mwenye wanafunzi wawili ampokee wa tatu mwenye ulemavu, kila shule imteue mwalimu mmoja wa kumfuatilia, na kila shirika linaloingia Masisi au Walikale lionyeshe ni nani mwenye ulemavu liliyemlipa ujira mwezi huu. Ndipo tutakapokuwa na haki ya kusema kwamba tumewaandaa kwa kazi.